Siku Tuliyoshindanisha Magari kama Ngoma

Gari la kaka yangu lilikuwa gari zuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Lingekuwa bovu ningepumzika. Ningesema tumeletewa takataka za ng'ambo, watu wangetikisa vichwa, mambo yangeisha. Lakini lile gari jeupe la Kijapani liliwaka kila asubuhi kwa mara moja, halikuvuja, halikunywa mafuta ovyo, lilibeba watu watano na gunia la mchele kwenye buti, na kwa miaka yote tuliyokuwa nalo sikumbuki likituacha njiani. Nililichukia kwa moyo wote na sikuwa na sababu ya kumwonyesha mtu.

La baba lilikuwa kitu kingine kabisa. Lilikuwa gari la Kiingereza la michezo, dogo, la kijani, la viti viwili, halina paa ila turubai lililokunjwa nyuma. Mmiliki wa kwanza alikuwa mhandisi Mzungu wa jineri, yaani kinu cha kuchambulia pamba ambako baba alifanya kazi ya ufundi wa mitambo tangu ujana. Mzungu alipoondoka aliliacha bandani, injini imekufa, akamwambia baba akiweza kulifufua ni lake. Nadhani alikuwa anatania. Baba hakuwa mtu wa kutaniwa kuhusu injini. Alilishughulikia miaka miwili, kila Jumamosi mchana, bushi akizikereza mwenyewe kwenye mashine ya jineri, mkanda wa feni akiukata kutoka kwenye mikanda chakavu ya mitambo. Alipachika vipande vya springi za lori ili linyanyuke kidogo, na chini ya tumbo akalifunga bamba la chuma, maana barabara zetu hazikujengwa kwa ajili ya kitu kinachotambaa. Mvua zikianza lilipandishwa juu ya magogo mpaka ziishe, kwa sababu ule udongo mweusi wa mbuga za kwetu unakwamisha hata trekta. Kwa hiyo lilikuwa gari la nusu mwaka. Mama alisema hata hiyo nusu ni nyingi.

Mimi ndiye niliyefundishwa kuliendesha. Kaka hakutaka. Kaka aliogopa vumbi tangu akiwa mdogo, na mtu anayeogopa vumbi akizaliwa kijijini kwetu Ngulyati amezaliwa kwa makosa. Nilikuwa na miaka kumi na sita baba aliponiketisha upande wa kulia, akaweka mto mgongoni mwangu ili miguu ifike, akaniambia nisiangalie chini. Ukikaa ndani ya gari lile ulikuwa chini mno, ungeweza kuunyoosha mkono ukaokota jiwe. Miguu ilinyooka mbele kama umelala. Gia ya pili ilikuwa na kiburi: ukanyage klachi, utoe gia, uachie, uguse mafuta kidogo injini ipande sauti, ukanyage tena, ndipo uiingize. Ukikosea ilinguruma kwa hasira, na baba aligeuza uso akaangalia mashamba ya watu, kwa adabu tu, kama mtu aliyesikia mwenzake akijamba.

Ilinichukua msimu mzima wa kiangazi kuipata gia ya pili. Siku niliyoipata, iliingia bila sauti, laini, nikacheka peke yangu kama mwehu. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Kulikuwa na kona moja kabla ya kufika nyumbani, yenye changarawe nyingi, na pale gari lilianza kuteleza upande wa nyuma. Mtu asiyejua hukanyaga breki. Baba alinifundisha nisikanyage chochote, nigeuze usukani polepole kuelekea kule linakoteleza, kisha nilipe mafuta kidogo, nalo linajirudi lenyewe. Usukani ulikuambia kila kitu. Ulijua hili ni jiwe, huu ni mchanga, hii ni njia iliyochimbwa na gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe. Mwendo wa maili arobaini kwa saa ulikufanya uone unaruka, macho yanatoka machozi, mkononi mnanuka petroli. Gari jeupe la kaka lilikwenda kasi zaidi ya ile na hukujua kama unakwenda au umesimama.

Nilipomaliza chuo nikarudi wilayani kuwa afisa ugani. Watu waliniita bwana shamba, mwanamke au si mwanamke hawakujali, nami nilipewa pikipiki ya kazi nikawa nazunguka vijijini kuwaeleza wakulima jinsi ya kupanda pamba kwa mistari, jambo walilolijua kuliko mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sijaolewa, na jambo hilo liliwasumbua wengine kuliko lilivyonisumbua mimi. Jumapili nilirudi kwa wazazi Ngulyati, baba akanipa ufunguo, tukaenda mahali. Mara moja kwa mwaka tulikwenda mpaka Lamadi, kwenye lami ya Mwanza na Musoma. Mama aliambiwa tunafuata samaki. Samaki kweli tulinunua, tukawafunga nyuma ya viti, lakini tulichofuata ni ile lami. Baba alisema gari nalo lazima lipate siku ya kupumua.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huru. Wanaokumbuka miaka ile wanajua ninachosema. Vitu vilivyokuwa vya kuombea vikajaa madukani, sabuni, mafuta ya kupikia, redio, mitumba kwa mafungu. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia vijijini na mizani yao na malori yao, wakulima wakaanza kuchagua wamuuzie nani, na hilo sikulilaumu, maana walikuwa wamezoea kungoja. Lakini jineri ya baba ilikosa pamba. Mikanda ikasimama, popo wakaingia, mafundi wakapewa barua mmoja mmoja. Baba alipewa yake akaiweka ndani ya Biblia, akaja kukaa nyumbani. Mikono yake ilikuwa imezoea kuamka na kufanya kitu. Akawa analiendesha lile gari kila siku. Alikwenda Bariadi mjini kununua kiberiti, akarudi, kesho yake akaenda kununua kiberiti kingine. Tulikuwa na viberiti vya kuwasha moto mpaka uzee wetu. Mama alilalamika, mimi nikanyamaza, kwa sababu niliona anavyoshuka kwenye gari. Alishuka akiwa fundi. Kwa saa moja alikuwa amefanya kitu ambacho watu wachache wilaya nzima wangeweza kukifanya, na alijua hivyo.

Nasisitiza hili kwa sababu ndilo kaka hakulielewa, na sikuwa na maneno ya kumwelewesha. Kaka alikuwa ameondoka zamani kwenda Mwanza, akaanza na mitumba, akaingia kwenye vipuri, akatajirika kiasi cha kuvaa saa kubwa. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa sana awe mbaya. Mwaka ule, pamba ilipokwisha kuuzwa na watu wakiwa na nafasi, alikuja Ngulyati na gari jeupe, viti vimefunikwa nailoni ya kiwandani, kwenye kioo cha mbele kibandiko chenye maandishi ya Kijapani ambacho hakukibandua makusudi. Akaliegesha mbele ya nyumba, akawapa wazazi ufunguo kwa mikono miwili, akasema ni la kwenu. Mama alilia. Baba aliupokea ufunguo, akasema wabeja, asante, akauweka mfukoni.

Chakula kilipoisha kaka akatoa jambo la pili. Lile la kijani atalichukua yeye. Kuna mtu Dar es Salaam, mwenye uwezo wake, anayekusanya magari ya kale, atalitunza chini ya paa, halitanyeshewa tena wala kukalia magogo. Mzee ana miaka sitini na mbili, mgongo unamuuma, barabara hizi zitamvunja. Hili jipya halina klachi, halina gia za kubadili, unaliweka kwenye alama ya kwenda linakwenda. Hata mtoto anaweza.

Nikamwambia hapo ndipo penye ubaya wake. Akaniuliza ubaya gani. Nikasema gari ambalo hata mtoto anaweza halimhitaji baba. Akacheka, akaniambia mdogo wangu, gari ni kufika. Nikamwambia kama ni kufika, punda anafika. Tukaanza kubishana pale pale juu ya sahani, mimi nikieleza habari za kona na usukani, yeye akieleza habari za kiyoyozi na vipuri vinavyopatikana. Mama naye akaingia, na yeye alikuwa na hoja nzito kuliko sisi wote. Alisema kwa miaka ishirini amekwenda kanisani akiwa na rangi ya barabara. Alisema alikwenda kwenye msiba wa dada yake kule Sola mvua ikawakuta njiani, akafika amelowa, kitenge kimeshika mwili, waombolezaji wakamwangalia yeye badala ya marehemu. Alisema katika gari lile hajawahi kukaa na mtu mwingine yeyote ila mume wake, hawezi kumpa jirani lifti wala kumpeleka mgonjwa.

Mwishowe baba alisema mabishano ya namna hii yana njia yake, watu waitwe waamue, kama ngoma.

Kwa asiyefahamu, kwetu Usukumani ngoma hushindana. Wagika na Wagalu huingia uwanja mmoja, siku moja, saa moja, kila upande na manju wake na ngoma zake, huku kundi moja, kule kundi la pili. Watazamaji wako katikati na miguu yao ni huru. Wakipenda wanakimbilia huku, wakichoka wanakimbilia kule, na muda ukifika mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Hakuna jaji wala malalamiko. Baba ujanani alikuwa mchezaji wa Wagalu, na wazee wenzake walimkumbuka kwa hilo kuliko kwa ufundi. Alikuwa akipendekeza kitu alichokijua, na alijiamini. Kwa miaka ishirini, popote aliposimamisha gari lile, iwe sokoni Bariadi au chini ya mti Ipililo, watu walijikusanya.

Nami nilijiamini. Nilishangilia, Mungu anisamehe. Nilipaswa kusimama pale pale niseme hapana. Raha ya kuendesha inajulikana na mtu mmoja tu, yule aliyeshika usukani, na anayesimama pembeni haoni kitu ila vumbi. Ukiipeleka uwanjani ipigiwe kura na watu wanaotazama kwa nje, umeshashindwa kabla hujawasha injini. Wengine wangegombana mpaka wachoke, au wangekwenda kwa mwanasheria. Sisi tulipeleka magari yetu kucheza ngoma.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, uwanja wa shule ya msingi. Makubaliano yalikuwa kwamba kivuli cha darasa kikigusa mlingoti wa bendera, shindano limekwisha. Gari la kijani upande wa goli la mashariki, jeupe upande wa magharibi. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, maana habari ilipita makanisani, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti pia. Wazee walikuja na viti vyao.

Mwanzo tuliongoza, na tuliongoza vizuri. Baba alivaa koti lake la jineri. Aliliwasha, akalingurumisha mara tatu, kisha akaanza kuzunguka, kwanza polepole, kisha akaliachia mkia ukateleza kwenye vumbi, duara kamili, kisha duara lingine upande wa pili, kila mara akilirudisha pale pale. Mzee wa miaka sitini na mbili mwenye mgongo mbovu. Watu walipiga vigelegele. Upande wa kaka walibaki watoto wachache na mama yangu, aliyekaa kiti cha mbele amenyooka, mkoba mapajani. Nilimwangalia kaka kwa mbali nikamwonea huruma kidogo, huruma ya mtu anayeshinda.

Kisha kaka akafungua mlango wa dereva akauacha wazi, ufunguo ukiwa umewashwa, na gari likaongea.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya Kijapani, ikitoka ndani ya dashibodi. Leo najua ilikuwa inasema mlango uko wazi, basi. Siku ile hakuna aliyejua. Likasema tena. Kijana mmoja akakimbia kutoka upande wetu kwenda kusikiliza, akarudi anapiga kelele kwamba gari linamsalimia. Nusu ya uwanja ikaondoka kwa mpigo. Walipofika kaka aliufunga mlango, likanyamaza, akaufungua, likasema. Wakaanza kulijibu. Mzee mmoja aliinama kwenye dirisha akalisalimia mwangaluka, nalo likamjibu yale yale, watu wakaanguka kwa kicheko. Kaka akashusha vioo kwa kubonyeza kidole, akavipandisha. Akafungua kiyoyozi, akawaruhusu waingize mikono wasikie baridi, mchana wa jua kali, na waliotoa mikono waliwaonyesha wenzao kana kwamba imepakwa kitu.

Baba aliendelea kuzunguka. Duara, duara. Kila lilipogeuka watu walikuwa wamepungua. Mke wa mwinjilisti aliondoka akijifanya anamfuata mtoto. Wazee wenzake wa ngoma, wale niliowategemea, walinyanyua viti vyao mmoja mmoja wakavuka uwanja navyo. Ikafika mahali nikatazama kushoto na kulia, nikakuta nimesimama peke yangu.

Nikawaka moto. Nilisema ule ni udanganyifu, watu hawakuliangalia gari, walikuwa wanasikiliza redio. Nikavuka uwanja kwa hasira kwenda kumwambia kaka aufunge ule mlango. Nilimsukuma mtu mmoja, nikamkuta kaka ameegemea boneti, nikamwambia anachofanya si haki, angeshindana na baba kwa kuendesha, si kwa porojo za mashine. Hakukasirika. Alinifungulia mlango wa nyuma akaniambia, kwa upole kabisa, nikae kwanza, nikishuka nimtukane ninavyotaka.

Nikakaa. Nasema nikakaa kwa sababu sina neno lingine la kujificha nyuma yake. Nilikuwa nimesimama juani tangu ibada ilipokwisha, gauni limenigandia mgongoni, vumbi la magurudumu ya baba limejaa puani. Mlango ukafungwa. Kelele zote zikabaki nje. Ile hewa baridi ikanipiga shingoni, jasho likaanza kukauka, na kiti kilikuwa laini hata chini ya nailoni. Mama aligeuka kutoka kiti cha mbele akanitazama, uso wake umetulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona miaka mingi, akaniuliza kama sasa nimeelewa. Nilisema naelewa. Nilitaka kushuka, nikasema ngoja kidogo. Ilikuwa raha, na nilijua kwamba ni raha, na nilikaa.

Nilipotoka baba alikuwa amezima injini. Alikuwa anavuta turubai juu ya viti, akilifunga vifungo vyake kimoja baada ya kingine. Kivuli kilikuwa bado hatua kadhaa kufika kwenye mlingoti. Alikuja upande wetu, akampa kaka mkono mbele ya watu wote, akasema gari hili limeshinda, tumeona wote. Watu wakashangilia, nao walimshangilia na yeye, kwa sababu ameshindwa kiungwana.

Kaka aliondoka na gari la kijani asubuhi iliyofuata. Hakujua kuliendesha. Tulisimama nje tukamsikiliza akiitafuta gia ya pili kwa nguvu, chuma kikilia, akaikosa, akaijaribu tena, na sauti ile ikaendelea kuja mpaka alipoipita kona. Safari hii baba hakuangalia mashamba ya watu. Aliingia ndani.

Gari jeupe baba aliliendesha mara moja. Tulikuwa tunakwenda kanisani, mama nyuma na kofia yake, mimi mbele. Tulipokaribia barabara kuu, mguu wake wa kushoto, uliokanyaga klachi maisha yake yote, ulishuka wenyewe kwa nguvu ukaikuta breki, maana katika magari yale breki ni pana imekaa pale pale. Tukasimama kama tumegonga ukuta. Mama aligonga kichwa kwenye kiti cha mbele, kofia ikaruka. Baba aliomba radhi. Akaukunja mguu ule chini ya kiti, akajaribu tena, na mita mia mbele ukachomoka ukafanya vile vile. Akazima gari, akashuka, akazunguka upande wangu, akanipa ufunguo. Alisema niendeshe mimi.

Hakushika usukani tena. Nilijaribu kila njia. Nilimwambia ni wiki mbili tu mguu utazoea, nikamwambia ataanza nyumbani kwenye uwanja, nikamnunia, nikamwacha makusudi siku moja sokoni na ufunguo, akamkabidhi mwenye duka akarudi kwa miguu. Viberiti vilipokwisha mama alituma mtoto wa jirani. Nikiendesha, yeye akiwa pembeni yangu, injini ikihitaji gia nyingine mkono wake wa kushoto uliondoka gotini ukasogea kidogo, kisha gari likabadilisha lenyewe bila kumngoja, mkono ukarudi.

Nami nikamkasirikia kaka miaka mingi. Kila alipokuja nilimkumbusha. Nilimwambia alimwibia mzee uwanja kwa sauti ya mashine. Nilimwambia baba alikuwa fundi akamfanya abiria. Kaka alinijibu kwamba mama ana afya, mzee hana mgongo unaouma, jirani aliyejifungua kwa shida alifikishwa hospitali kwa gari lile na mtoto yupo. Yote yalikuwa kweli. Hasira isiyokuwa na makosa ya kuishika ni kitu kibaya, inamla mwenyewe.

Kiangazi kimoja nilimpeleka baba Lamadi. Mama alisema nimtoe kidogo, amekuwa akikaa tu. Tulinunua samaki, tukawaweka kwenye buti ndani ya ndoo, tukaingia kwenye lami nikaliachia gari. Lilikwenda vizuri sana, kimya, vioo vimefungwa, na nikaanza tena, nikasema angalia hiki kitu, hakina ladha hata kidogo, yote hii ni kwa sababu ya watu wajinga waliokimbilia gari linaloongea, na kaka aliyejua wajinga watakimbilia.

Baba alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha alisema kaka yangu hakumshinda.

"Wale watu hawakunishinda," alisema. "Watu huondoka, ngoma ndiyo ilivyo. Mimi nimewahi kubaki na mtazamaji mmoja, ng'wanone, mwanangu, mama mmoja amebeba mtoto mgongoni, uwanja mzima uko kwa Wagika. Nikacheza mpaka jua likazama. Mtu mmoja akibaki, unacheza."

Nilijua anakokwenda. Nikamwambia haraka kwamba nilivuka kwenda kugombana, kwamba nilikuwa upande wake wakati wote, mama ni shahidi.

"Najua ulikwenda kugombana," alisema. "Nilikuona unavyotembea. Nikasema atarudi, nikaendelea kuzunguka."

Nilimwambia nilikaa humu ndani dakika tano tu. Ndivyo nilivyokuwa nimewaambia watu wote, na ndivyo nilivyoamini. Alitazama nje, ziwa lilikuwa upande wake.

"Nilizunguka mpaka mshale wa petroli ukalala," alisema. "Nikabakiza ya kutufikisha nyumbani mimi na wewe, nikazima."

Nilitaka kusimamisha gari pembeni. Sikusimamisha. Niliendelea kukanyaga mafuta, kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo gari lile lilihitaji kutoka kwangu, na baada ya muda baba aliniuliza kama samaki hawataharibika.